Mawe Thelathini na Saba

Kila Jumatatu ya likizo, kabla ya chai, Honi alipaka mawe chokaa. Aliifanya kazi hiyo kwa uso wa mtu aliyehukumiwa bila kusikilizwa. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, alisoma shule ya bweni, alishika nafasi ya tatu darasani bila hata kujikaza, na sasa kichwa hicho chote kilikuwa kimeinama juu ya jiwe, kikilipamba kama bibi harusi.

Mawe yenyewe yalikuwa thelathini na saba. Yalijipanga pande mbili za njia kutoka langoni hadi mlangoni, na hakuna mawili yaliyofanana. Moja lilikuwa kubwa kama kichwa cha ng'ombe, jingine kama mkate uliokaliwa. Babu yake ndiye aliyeyaleta kwa lori, moja moja, kwa miaka mingi. Siku moja Honi alimuuliza kwa nini mtu mwenye akili timamu abebe mawe kutoka mbali, ilhali mawe yamejaa kila mahali. Babu alifikiri kidogo, akasema, "Yalikuwa mahali pabaya." Honi aliliweka jibu hilo kwenye orodha yake ya majibu ya kipuuzi aliyowahi kupewa na watu wazima. Orodha hiyo ilikuwa ndefu.

Babu alikuwa dereva wa lori kwa miaka thelathini na minne, na alipostaafu, hakuna aliyeupasha mwili wake habari hiyo. Kila asubuhi aliizunguka nyumba na nyundo ndogo ya kugongea matairi, akigonga kila kitu na kusikiliza: tangi la maji, miguu ya meza, sanduku la chuma la Honi. Honi aliwasimulia wenzake bwenini, akimwigiza Babu akipima upepo wa ufagio, wakacheka hadi matroni akaja. Ni kweli kwamba nyundo hiyo ndiyo iliyogundua bawaba ya sanduku imelegea, lakini sehemu hiyo Honi hakuisimulia. Haikuchekesha.

Babu ndiye aliyempa jina la Honi. Alisema mjukuu wake husikika kabla hajaonekana.

Sasa ilikuwa miezi mitatu tangu Babu azikwe. Jumamosi ukoo ungekusanyika nyumbani kumkumbuka, na Bibi alikuwa ametoa agizo moja tu: wasifu wa marehemu usomwe na Honi.

"Mwenyewe ndiye aliyesema," Bibi alieleza. "Alisema hataki kusomwa na mtu wa kunong'ona."

Mjomba alifika Jumatano kusimamia maandalizi. Alikuwa karani mkuu katika ofisi moja ya mjini, mtu wa kuvaa tai hata siku ya kufua. Kati ya watoto wa Babu, ni yeye peke yake ambaye hakuwahi kupanda lile lori. Alisimama langoni, akayatazama mawe kama mtu aliyeona inzi kwenye maziwa.

"Haya yaondoke kabla ya Jumamosi," alisema. "Bosi wangu anakuja. Ataona kama tunaishi machimboni."

"Ni ya Babu, Mjomba."

"Huko aliko hayahitaji. Chukua toroli, kayatupe huko nje. Na wasifu umefika wapi?"

"Uko jikoni, Mjomba. Unaiva."

"Usinifanyie mzaha. Andika kitu cha heshima. Na hayo mambo ya dereva wa lori sitaki kuyasikia. Andika afisa usafirishaji wa masafa marefu."

"Sawa, Mjomba. Afisa."

Honi alimheshimu Mjomba kwa mdomo, kama inavyotakiwa. Moyoni alimhesabu pamoja na vifuniko vilivyopoteza sufuria. Lakini juu ya jambo moja walikubaliana bila kuambiana: maisha ya dereva wa lori hayajazi karatasi. Honi alikuwa amekwisha kujaribu. Aliandika "Babu alizaliwa", akakwama hapo hapo kama gari kwenye matope. Dereva ni nani? Alikwenda, akarudi. Nukta.

Kwa hiyo alifungua sanduku lake, akatoa wasifu wa mwalimu mkuu mstaafu wa shule yao, aliyefariki mwaka uliotangulia. Kila mwanafunzi alipewa nakala, na wengi waliitumia kufunikia daftari. Honi alishika kalamu. Palipoandikwa "darasani" aliandika "barabarani". Palipoandikwa "chaki" aliandika "usukani". Kwa robo saa tu, maiti ya mtu mwingine ikawa babu yake. Babu akawa taa iliyowaka barabarani. Akashika usukani hadi vidole vikawa vyeupe. Vijana wengi walipita mikononi mwake, na leo ni madaktari.

Mjomba aliusoma kwa sauti, amesimama wima, huku amefumba jicho moja kwa hisia.

"Hii ndiyo lugha," alisema. "Kumbe ada haipotei bure." Akatoa kalamu yake ya ofisini, akaongeza mstari wa mwisho kwa mwandiko wa kulala: *Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumdhuru kiumbe yeyote barabarani.*

"Ni kweli hiyo, Mjomba?"

"Ni wasifu. Hakuna aliyewahi kushtakiwa kwa wasifu."

Bibi alikuwa pembeni akikunja nguo. Alikunja shati moja mara mbili, akalikunjua, akalikunja tena.

Kesho yake alasiri Honi alipakia mawe kwenye toroli. Shimo la taka lilikuwa mbali, nyuma ya ghala la mbao. Kona ya barabara ilikuwa karibu. Mjomba alisema "huko nje", na kona ilikuwa nje. Honi hakuona sababu ya kutafsiri zaidi. Alikwenda safari saba. Kwenye safari ya mwisho toroli liliinama kabla ya ukingo, na mawe matano yakabingirika hadi katikati ya lami. Honi aliyatazama. Aliutazama mgongo wake, kwa jinsi mtu awezavyo kuutazama mgongo wake mwenyewe, akauonea huruma. Barabara ina wenyewe, aliwaza. Akarudisha toroli, akanawa, akachukua karatasi yake, akaenda kuchukua viatu vyake vya Jumamosi kwa fundi.

Fundi viatu alikuwa rafiki wa Babu. Kila Jumapili wawili hao waliketi kibandani wakizungumza habari zisizo na mwisho wala mwanzo. Mguu wa kulia wa fundi ulikuwa mfupi, na kiatu cha mguu huo kilikuwa na soli nene kama tofali, aliyojichongea mwenyewe kutoka kwenye tairi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Honi. Nilikusikia tangu kule kwenye duka la vioo. Viatu bado kidogo, kaa."

"Nikusomee kitu ucheke?"

"Soma. Kucheka hakumalizi gundi."

Honi alisimama, akaweka mkono kifuani kama makamu wa mwalimu mkuu, akasoma. Fundi alitabasamu aliposikia kuhusu taa. Honi alipofika kwa madaktari, fundi aliinua kichwa. "Wako wapi hao? Mimi mgongo unaniuma toka Machi." Honi akaendelea kwa madaha: "Hakuacha kosa hata moja bila kulizungushia wino mwekundu."

"Wino wa nini tena kwenye lori?"

Honi alitazama karatasi. Masikio yalipata moto. Sentensi hiyo aliisahau. Ilikuwa bado ya mwalimu mkuu, na Mjomba aliisoma akafumba jicho.

"Ni lugha ya picha," alisema.

"Haya. Endelea na picha yako."

"Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumdhuru kiumbe yeyote barabarani."

Sindano ya fundi ilisimama katikati ya ngozi. "Rudia hapo."

Honi alirudia, safari hii bila mkono kifuani.

"Kaandika nani?"

"Mjomba."

"Na wewe ungesimama mbele ya watu usome."

"Si ni wasifu tu, Fundi."

Fundi aliuinua mguu wake mfupi kwa mikono miwili, akauweka juu ya kigoda, kati yao. "Huu mguu, babu yako hakukusimulia?"

"Nilidhani ulizaliwa nao."

"Nilizaliwa na miwili inayolingana. Sikiliza. Lori likifia mlimani, dereva huweka mawe nyuma ya magurudumu lisirudi nyuma. Mengine huyaweka barabarani, mbali kidogo, wanaokuja wajue kuna hatari. Akishatengeneza, anatakiwa ashuke akayaondoe. Ni dakika mbili. Lakini gari limekubali kuwaka, liko mlimani, akilizima huenda likagoma. Wengi huondoka. Babu yako siku moja naye aliondoka. Mama yako alikuwa mtoto, ana homa, na mzee alitaka kufika nyumbani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nasambaza mikate kwa baiskeli alfajiri. Jiwe sikuliona. Nililifahamu nikiwa nimelala kando yake."

Honi aliketi polepole, karatasi magotini.

"Jiwe halina jina," fundi aliendelea. "Hakuna ambaye angejua. Babu yako alisikia siku ya tatu, yuko mbali huko, mzigo ameshusha, watu wanasimulia habari za kijana wa mikate. Aligeuza lori. Alikuja hospitali, kofia mkononi, akasimama miguuni pa kitanda akasema, 'Ni mawe yangu.'"

"Ukamfanya nini?"

"Nilimrushia kikombe. Nilimkosa kwa sababu nilikuwa chali. Akakiokota, akakiosha, akakirudisha. Jumapili akaja tena. Nilimtukana mwaka mzima, Honi, matusi mengine niliazima, na yeye anakuja tu kama mtu anayeingia kazini. Alijipeleka polisi mwenyewe, wakamnyang'anya leseni kwa miezi sita. Miezi hiyo hiyo alinipeleka kwa fundi viatu nikajifunze, maana baiskeli ndiyo basi tena. Soli yangu ya kwanza ilitoka kwenye tairi lake. Hii ni ya tisa."

Akaanza tena kushona, taratibu.

"Toka hapo, kila jiwe aliloacha dereva mwingine, alisimama akaliondoa. Safari ya saa sita, yeye saa nane. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka. Mengi aliyasukumia kando. Yale aliyoyakuta katikati kabisa, ya kuua mtu, aliyapakia akaenda nayo nyumbani. Alisema kila moja ni mtu aliyefika kwake salama bila kujua kwa nini. Wewe si ndiye unayeyapaka chokaa?"

Yalikuwa mahali pabaya. Honi aliyaona matano juu ya lami, meupe, yamejipumzisha. Aliacha viatu, akaacha na karatasi, akakimbia.

Alichelewa. Pale konani mkokoteni wa maji ulikuwa umelala ubavu, gurudumu moja limepinda, madumu yametawanyika hadi mtaroni. Dumu moja lilikuwa limepasuka na maji yakitiririka. Msukuma mkokoteni alikaa chini, anapuliza kiwiko kilichochubuka. Watu sita walikuwa wamekusanyika, na kama ilivyo desturi ya watu sita, wote walikuwa wakishauri na hakuna aliyekuwa akiinua.

"Mpumbavu gani kaacha mawe hapa?" mmoja aliuliza. "Tena yamepakwa chokaa."

"Madereva wa malori hao," mwingine alijibu. "Hawana adabu hata kidogo. Wakishatengeneza magari yao, wanaondoka zao."

Wote wakakubali kwamba ni madereva wa malori. Honi alisimama nyuma yao. Chini ya kucha zake kulikuwa na chokaa, lakini hakuna aliyekuwa akitazama kucha. Angeweza kugeuka. Jiwe halina jina. Alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake sauti haikutoka. Akajaribu tena.

"Ni mawe yangu."

Watu sita wakageuka.

"Yako vipi?" msukuma mkokoteni aliuliza.

"Nimeyatupa mimi leo hii. Haya matano yalibingirika, nikayaona, nikaondoka."

Msukuma mkokoteni alimkagua kuanzia juu hadi chini, akarudi juu. "Wewe nakujua. Wewe ni yule wa shule ya bweni. Hunipita kila siku kama unapita nguzo, hata salamu huna."

"Shikamoo."

"Hiyo imechelewa, lakini nitaipokea. Shika huku, inua."

Honi aliinua. Aliingia mtaroni, akatoa madumu, akayabeba mawili mawili kurudi bombani na kuyajaza upya, huku watu sita wakimsindikiza kwa maneno aliyostahili. Bibi alipopata habari alikuja na dumu lake jipya, akamkabidhi msukuma mkokoteni badala ya lile lililopasuka, akamwomba radhi, akarudi nyumbani bila kumtazama mjukuu wake. Honi alionelea afadhali angepigwa. Kisha alileta toroli na kuyarudisha mawe, safari saba, kuanzia yale matano. Msukuma mkokoteni hakumsaidia hata moja. Alikaa juu ya kubwa kuliko yote, akisimamia kama mkandarasi, na kila toroli lilipopita alisema, "Upande huo umebakiza."

Ijumaa nzima Honi alikaa kwenye kigoda cha fundi na daftari, na jioni akakaa na Bibi. Karatasi haikutosha.

Jumamosi asubuhi Mjomba alitoka nje akiwa na tai mpya, akayakuta mawe thelathini na saba yamejipanga, chokaa haijakauka.

"Nilisema nini kuhusu haya? Bosi wangu yuko njiani."

"Yanabaki," Bibi alisema kutoka mlangoni. "Bosi wako akijikwaa, atainuka."

Watu walipokwisha kuketi, Honi alisimama. Mjomba, kwenye kiti cha mbele kando ya bosi wake, aliandaa leso na jicho la kufumba.

"Babu yetu alikuwa dereva wa lori," Honi alisoma. Mjomba akafumbua jicho. "Akirudi safari alikula amesimama, kwa sababu alikuwa amekaa siku nne. Alifunga mizigo kwa fundo ambalo Bibi alilifungua kwa meno. Watoto wake aliwapima joto kwa mgongo wa mkono, kama alivyopima injini, na hakuwahi kukosea. Siku moja, akikimbilia nyumbani kwa mtoto aliyekuwa na homa, aliacha mawe barabarani, na mtu akavunjika mguu."

Mjomba alikohoa kikohozi cha onyo. Honi alipandisha sauti, akakipita kama lori linavyopita baiskeli. Alisoma habari za hospitali, kikombe, leseni na soli tisa. Alisoma habari za mawe. Mwisho akasema, bila kusoma, kwamba Alhamisi yeye mwenyewe aliyatupa, na aliyeumia ni yule pale nyuma mwenye kitambaa kwenye kiwiko, aliyealikwa na Bibi. Msukuma mkokoteni aliinua kiwiko kuthibitisha.

Hapakuwa na makofi. Fundi viatu alinyanyuka, soli yake ikagonga sakafu, ko, ko, ko, hadi mbele. Alimshika Honi bega. "Ndiye huyu," aliwaambia watu. "Huyu aliyesomwa ndiye niliyemjua mimi." Akarudi kukaa.

Bosi wa Mjomba aliinama kidogo. "Kumbe mzee alikuwa dereva," alisema. "Ofisini ulituambia afisa." Mjomba akaanza kuikagua tai yake, akakuta ina mambo mengi ya kushughulikia, na hakumaliza kuikagua hadi bosi alipoaga.

Wageni walipoondoka, Honi alibaki akisaidia kukusanya viti.

"Bibi, ule wasifu wa kwanza uliusikia. Ulijua ni wa uongo. Mbona hukusema?"

"Nilitaka nione kama utausoma." Bibi aliketi kwenye kiti cha mwisho, akanyoosha miguu. "Sikiliza, mjukuu wangu. Aliyeacha jiwe njiani hajikwai nalo. Yeye keshapita. Anayejikwaa ni wa nyuma yake. Uongo ni hivyo hivyo, na kazi ya kulipua ni hivyo hivyo. Mjomba wako leo angepigiwa makofi akaenda zake, na fundi angebaki na mguu wake, hana pa kuusemea. Babu yako hakuwa malaika. Kila mtu ataacha jiwe siku moja. Lakini ukishasikia kuna aliyeanguka, geuza lori. Usingoje kuulizwa."

"Na dumu lako, Bibi?"

"Dumu langu utalilipia kwa kuchota maji hadi shule ifunguliwe. Nalo ni jiwe lako."

Jumatatu Honi alipaka mawe chokaa. Kazi ilikuwa bado ya kuchosha, na hakuona sababu ya kujidanganya kuhusu hilo. Alipomaliza alichukua nyundo ya Babu, akaizunguka nyumba akigonga tangi, meza na gurudumu la toroli, akisikiliza. Kisha alisikia mkokoteni ukikwaruza kwa mbali, upande wa kule konani, na kabla mwenyewe hajatokea, Honi alikwisha kumpigia shikamoo iliyosikika hadi duka la vioo.